Redio Iliyolala na Ndama

Jumamosi iliyopita tulimzika Elifasi huko Moi's Bridge, na kuanzia saa nne hadi saa nane nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikisikiliza watu wakimpamba kwa uongo. Nasema uongo bila haya kwa sababu nilikuwapo. Mchungaji alisema marehemu ndiye Mwafrika wa kwanza wa Uasin Gishu kugundua dawa ya redio kuhama stesheni. Mwanawe mkubwa alirudia maneno hayo kwa Kiingereza ili yawe kweli zaidi. Kwenye kijitabu cha ibada kulikuwa na picha ya Elifasi kijana, koti jeupe na tai, ameshika redio ya mkononi kama mtu aliyeshika kuku wa kuuza. Niliitazama picha ile kwa dharau. Dharau hiyo nimekuwa nayo miaka mingi, na nimeitunza vizuri kuliko nilivyotunza meno yangu. Ndani ya koti nilikuwa na daftari la zamani, kurasa zimekuwa rangi ya chai, na nilitoka nalo nyumbani kwangu, mtaa wa West Indies hapo Eldoret, nikiwa na nia moja tu: kusimama mbele ya wale watu na kuwaambia kwamba dawa ile ilikuwa yangu.

Sitaeleza nilizaliwa wapi wala baba yangu alikuwa nani. Hayo hayana kazi hapa. Inatosha kujua kwamba katika mwaka wa pili wa Hali ya Hatari, enzi za mkoloni, nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza shule ya msingi na kuishia hapo, naandika polepole mpaka wino unakauka kwenye kalamu, na nina haya kiasi kwamba nikisalimiwa na watu wawili pamoja naitikia mmoja. Hata hivyo mikono yangu ilikuwa mizuri. Niliajiriwa kulehemu katika karakana ya redio karibu na reli, Eldoret, na mwaka huo mmoja ndio ulionifanya mtu niliye, jambo ambalo silisemi kwa kujivunia.

Karakana ilikuwa nyumba ya mbao na mabati iliyogawanywa na ukuta mwembamba. Upande mmoja ulikuwa wetu, mimi na Elifasi. Upande wa pili ulikuwa wa Bwana, mzungu aliyekuwa mkubwa wetu, na kulikuwa na stovu ya kuni iliyowaka tangu alfajiri mpaka jioni kwa kuwa Bwana hakupenda baridi. Saa nane mchana, jua likipiga mabati na stovu ikinguruma, chumba kile kingeweza kuoka mkate. Bwana huyo alikuwa ametengeneza redio jeshini wakati wa vita, au ndivyo alivyosema. Chama cha wenye mashamba kilikuwa kimenunua redio za mkononi, moja kwa kila shamba, kubwa kama tofali, zenye mkanda wa turubai na kikombe cheusi cha kubandika sikioni. Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu Bwana alisema kwenye mtambo wake ni mabehewa mangapi yamefika stesheni na ni shamba gani lilete mahindi siku hiyo. Kila shamba lilikuwa na mtu wa kusikiliza, na mtu huyo aliitwa sikio. Sikio akikosa kusikia jina la shamba lake, lori halitoki, magunia yanabaki nje na mvua inayakuta. Redio zenyewe hazikuwa na kitufe cha kutafutia stesheni. Kulikuwa na skrubu ndogo ndani, na Bwana aliigeuza mwenyewe, chumbani mwake, saa nane baada ya kula, kisha akaidondoshea nta nyekundu ili mkono mweusi usiiguse tena. Akimaliza alisema, "Sahihi." Basi tukamwita Bwana Sahihi. Na kweli, ndani ya chumba kile kila kitu kilikuwa sahihi. Tatizo ni kwamba hakuna shamba hata moja lililokuwa ndani ya chumba kile.

Nitaeleza kwa maneno machache kitu ambacho Bwana Sahihi, pamoja na vita vyake vyote, hakukijua. Ndani ya redio mna koili, yaani waya wa shaba uliozungushwa. Koili hiyo na kapasita, kipande kidogo cha kutunzia umeme kilicho kando yake, ndizo zinazoamua redio isikie masafa gani. Joto huitanua koili, baridi huibana, kidogo sana, chini ya unene wa unywele, lakini redio inajua. Ikibanwa, redio inahama na kupita juu ya stesheni, nawe unasikia mvumo mtupu kama wa nyuki walio mbali. Redio iliyowekwa sahihi kando ya stovu, ikiamkia shambani Moiben alfajiri ya mwezi wa saba, umande ukiwa mweupe kwenye nyasi, haiko tena mahali ilipoachwa. Hii si elimu kubwa. Waya wa fensi hukaza asubuhi na kulegea mchana, na kila mchunga ng'ombe wa kule ameliona hilo. Lakini Bwana Sahihi hakuwa akitazama fensi. Alikuwa akitazama uso wake kwenye kioo cha mita.

Saa sita mimi na Elifasi tulikula nyuma ya karakana, ugali na kunde katika sufuria moja. Elifasi alinizidi miaka mitano na madarasa mawili, na alikuwa mkalimani wa Bwana. Kabla ya kula alivua tai, akaikunja mara nne, akaiweka ndani ya kofia yake, kisha akatandaza gazeti magotini. Alinihurumia kwa sauti. "Ndugu yangu," aliniambia, "wewe unajua kazi lakini hujui kuonekana." Wakati huo huo, ng'ambo ya ukuta, wazungu wa mashamba walikuja kunywa kahawa, na Kiingereza changu chote nilikipata kupitia nyufa za mbao zile. Walisema redio zinakosa kusikika kwa sababu masikio ya Waafrika hayajazoea sauti ya mashine. Mmoja alisema hapana, ni usingizi tu. Bwana Sahihi akasema anaweza kutengeneza redio yoyote duniani ila hawezi kutengeneza Mwafrika aliye macho, na wote wakacheka. Upande wetu Elifasi naye akacheka, taratibu, kama mtu anayefanya mazoezi.

Mwanzoni mwa mwezi wa sita nilitumwa Moiben na lori la betri, na kwa kuwa lori lingerudi kesho yake, nililala kwa sikio wa shamba, mtu wa makamo aliyeitwa Kimaiyo. Aliishi pale shambani kwa sababu ya kazi ile tu. Nyumba yake, shamba lake dogo la wimbi, ng'ombe wake sita, vyote vilisimama juu ya kibali cha mwenye shamba, na kibali kilisimama juu ya redio. Mkewe alinipa kimyet, yaani ugali wao, na mursik kutoka kwenye kibuyu, maziwa ya mgando yenye weusi wa mkaa, nami nilikula nikitazama chini kwa haya. Kulipopambazuka nilitafuta redio ukutani nisiione. Binti yao, Jepkemboi, mtoto wa kama miaka minane, alitoka katika zizi la ndama ameibeba kifuani, ina nywele na samadi na harufu ya maziwa. Nilidhani ni upuuzi. Nilicheka moyoni, nilikuwa mtu wa mjini, mwenye chuma cha kulehemu.

Kimaiyo aliona uso wangu. "Inasikia baridi kama ndama," alisema. "Ikilala peke yake haisemi. Ikilala na hawa, inasema."

Saa kumi na mbili na nusu aliibandika sikioni, kisha akaisogeza kwangu. Sauti ya Bwana Sahihi ilitoka safi, ikitaja mabehewa kwa Kiswahili chake kilichovunjika viungo vyote. Katika mashamba yaliyotuzunguka, yaliyokuwa na redio zilizotundikwa kwa heshima ukutani, tulijua baadaye kwamba asubuhi hiyo hakuna aliyesikia kitu. Nilitoa daftari nikaandika, na kutoka siku hiyo sikuacha. Nilifika karakana kabla ya Bwana, nikaweka redio nje kwenye majani yenye umande, nikapima imehama kiasi gani, nikaiweka kwapani, nikapima tena. Niliandika saa, hali ya hewa, na umbali wa kuhama, mstari kwa mstari, wiki tano. Mwishoni nilijua nikiangalia umande tu redio itakuwa imefika wapi. Niliona pia kwamba kapasita moja ya udongo wa kuchomwa, niliyoitoa katika redio kuukuu ya meli, ilienda kinyume: joto lilipoivuta koili huku, yenyewe ilivuta kule, na redio ikabaki katikati, imetulia. Sikumwambia mtu. Nilijiambia kwamba nasubiri kuwa na hakika. Hayo ni maneno ambayo waoga wote huyatumia, na mimi niliyatumia kwa mwandiko mzuri.

Kisha Bwana Sahihi akaenda kukagua redio mashambani. Kule Moiben aliikuta redio ya chama katikati ya ndama, mmoja akiilamba mkanda. Alirudi amekuwa mwekundu mpaka shingoni. Kesho yake amri ilitoka kwa mashamba yote: redio isiwekwe karibu na moto, wala mnyama, wala mwili wa mtu, itundikwe kwenye msumari, nje, verandani mwa stoo, ambako hewa ni safi. Nilipelekwa mimi kupigilia misumari. Kimaiyo alinishikia ubao.

"Kijana," aliniuliza, "hapa upepo ni mwingi. Itasikia kweli?"

Daftari lilikuwa mfukoni mwangu. Nilimjibu kwamba ni amri ya Bwana, nikapiga msumari mara tatu zaidi ya ilivyohitajika.

Kimaiyo alitii. Wakati alipokuwa mkaidi alisikia kila asubuhi. Alipotii akawa kiziwi. Shamba lake liliitwa mara tatu mwezi ule wa saba, na mara tatu hakuna aliyekuja. Mara ya tatu magunia yalikuwa yamepangwa nje tayari, mvua ikanyesha siku mbili, na mahindi yakachipua humo humo kwenye magunia. Mwenye shamba alimleta Kimaiyo Eldoret nyuma ya lori pamoja na redio, ili Bwana Sahihi aseme kati ya viwili hivyo kipi kimeharibika. Kama ni redio, itatengenezwa. Kama ni mtu, atatoka shambani kabla ya mwisho wa mwezi, yeye na watu wake na ng'ombe wake.

Walikutana upande wa Bwana, saa nane mchana. Nataka msomaji aione saa hiyo vizuri. Stovu inanguruma, mabati yanalia kwa joto, mwenye shamba anajipangusa shingo, Elifasi amesimama na tai yake, na Kimaiyo amevaa blanketi lake la alfajiri, jasho linamtiririka. Redio iliwekwa mezani mpaka kahawa ilipokwisha kunywewa. Kisha Bwana akaenda kwenye mtambo, akahesabu moja mpaka kumi, na redio ikahesabu pamoja naye bila kukosa hata moja. Alimtazama mwenye shamba. "Sahihi," alisema.

Kimaiyo aliomba ijaribiwe kule kwake, asubuhi, kwenye msumari. Alisema kwa utulivu, kwa Kiswahili kilichokuwa bora kuliko cha Bwana mara kumi. Elifasi alikitafsiri kwa Kiingereza kifupi sana. Alisema mzee anaomba nafasi nyingine. Ndipo Kimaiyo aliponigeukia mimi, niliyekuwa mlangoni. "Huyu alilala kwangu," alisema. "Aliona. Aulizwe huyu."

Bwana Sahihi alishangaa kidogo, kama mtu aliyeambiwa aulize kiti. Lakini mwenye shamba alikuwa anatazama, basi akaninyooshea kidole. "Wewe. Hii redio iko mzuri ama iko mbaya?"

Daftari lilikuwa kifuani, ndani ya shati, limelowa jasho. Wiki tano za umande zilikuwa humo. Nilifungua mdomo, na kilichotoka ni hiki: "Hapa iko mzuri, Bwana."

Hapa. Ujasiri wangu wote wa ujana niliutia katika neno hilo moja. Nilidhani mtu mwenye akili atalisikia na kuuliza, hapa, na kwingine je? Hakuna aliyeuliza. Elifasi alitafsiri kwamba fundi anasema redio ni nzima, na mwenye shamba akasimama kutafuta kofia yake. Kimaiyo alinitazama kitambo, si kwa hasira, kisha akajitanda blanketi vizuri na kutoka. Kabla mwezi haujaisha walihama, mkewe na kibuyu chake, mtoto, ng'ombe sita na ndama, wakafuata barabara ya mahindi kuelekea upande wa Trans Nzoia, wala sikujua walikofikia. Kwa miaka mingi nilijifariji kwamba mimi sikusema uongo. Nilisema hapa.

Sikio mpya aliyewekwa Moiben alikuwa ndugu wa mpishi wa mwenye shamba, na wote waliapa kwamba hasinzii. Naye hakusikia kitu. Mashamba mengine manne yakanyamaza wiki hiyo hiyo, moja likiwa la rafiki wa Bwana mwenyewe, ambaye aliibandika redio sikioni mwake, sikio la Kizungu kabisa, akasikia nyuki. Bwana Sahihi aliacha kusema sahihi kwa siku kadhaa. Hapo ndipo Elifasi aliponiomba daftari, ati anataka kuona namna ninavyoandika tarakimu. Nilimpa. Ningeweza kukataa, lakini kukataa kunahitaji sauti. Alilipeleka ng'ambo ya ukuta, na kupitia nyufa zile zile nilimsikia akieleza koili na umande kwa Kiingereza kizuri, akisema "mimi" kila mahali nilipokuwa mimi. Kapasita za udongo ziliagizwa Nairobi. Tulizilehemu, moja katika kila redio, mikono ikiwa yangu na koti jeupe likiwa la Elifasi, na redio zikatulia, asubuhi na mchana. Bwana Sahihi alimwandikia barua ya sifa, ambayo ilimlisha maisha yake yote. Daftari nilirudishiwa likiwa na duara la kikombe cha kahawa. Hakuna aliyetuma mtu kumtafuta Kimaiyo. Mimi pia sikumtafuta.

Basi ndivyo nilivyofika mazishini, na dharau yangu imepigwa pasi. Ibada iliposimama kidogo tulipanga foleni ya chai, na mbele yangu kulikuwa na mama mzee, mrefu, mwenye leso ya kanisa kichwani. Aliniuliza kama mimi ni wa ukoo. Nikasema hapana, nilifanya kazi na marehemu zamani, kwenye redio.

"Basi unaijua redio iliyotufukuza Moiben," alisema. "Mimi ni Jepkemboi wa Kimaiyo. Huyu marehemu alikuwa jirani, hakuwahi kujua mimi ni nani, na mimi sikumwambia. Ningemwambia ya nini?"

Niliweka kikombe mezani. Nilimuuliza baba yake alisemaje baadaye, juu ya mambo yale.

"Alikuwa anacheka," alisema. "Anasema kulikuwa na kijana mmoja pale, alikula kwetu. Alipoulizwa akasema, hapa iko mzuri. Baba alikuwa akiiga hiyo sauti, ndogo hivi, mpaka sisi tunacheka na majirani wanacheka. Kila ng'ombe mgonjwa akisimama kidogo, baba anasema, hapa iko mzuri."

Kwa hiyo neno langu lilisikika. Katika chumba kile cha watu wenye masikio, aliyefukuzwa kwa kutosikia ndiye peke yake aliyelisikia, na alilipima uzito wake sawasawa. Sikumwambia Jepkemboi kwamba kijana yule ni mimi. Nilirudi kwenye kiti changu na kufungua daftari, jambo ambalo sikuwa nimelifanya kwa miaka, kwa kuwa nilijua, au nilidhani najua, kilichomo. Ukurasa wa kwanza haukuwa na tarakimu hata moja. Ulikuwa na mistari mitatu ya mwandiko wangu mnene wa polepole, niliyoandika pale zizini siku ile, kabla sijaanza kujiona mgunduzi.

Mwongozaji wa ibada aliuliza kama kuna yeyote aliyefanya kazi na marehemu mwenye neno fupi. Nilisimama. Alinipa kipaza sauti na kuninong'oneza, "Fupi, Mzee, kuna mvua." Watu walikuwa wengi, kila mmoja akinitazama, na haya yangu ya zamani ilikuja yote, haijazeeka. Sikusema dawa ile ni yangu. Nilisema kwamba haikuwa ya Elifasi, na mwanawe akainua kichwa. Kisha nikasema kwamba haikuwa yangu pia, ingawa nimeishi nikidhani hivyo. Nikasoma, neno kwa neno, kama mtoto wa darasa la pili: "Kimaiyo wa Moiben anasema redio husikia baridi. Usiku huilaza kati ya ndama wawili. Asubuhi inasema." Nikasema mtu huyo alifukuzwa kwa usingizi ambao hakulala, na kwamba mimi nilikuwa na karatasi hii kifuani nikanyamaza, isipokuwa neno moja. Nikalitaja.

Watu walinong'ona. Mwongozaji alinyoosha mkono achukue kipaza sauti. Nyuma, karibu na masufuria ya chai, Jepkemboi alikuwa amesimama, hanitazami kwa huruma wala kwa shukrani, ananitazama kama mtu anayetazama kazi iliyoletwa imechelewa na bado ina kasoro.

"Watatu," alisema kwa sauti. "Ndama walikuwa watatu. Mimi ndiye niliyekuwa nawalaza."

Nilitoa kalamu. Mwongozaji alisubiri, mvua ikaanza kugonga turubai, nami nikakata neno wawili na kuandika watatu juu yake, polepole.